Bahasha ya Forodha

Ofisini walimwita Forodha, na jina lilimkaa kama nguo ya kushonewa. Kazi yake ilikuwa kukaa katikati. Mtu akijaza fomu kwenye tovuti walizozitengeneza, awe anajiandikisha kliniki au anaomba kuungiwa maji, yale aliyoandika hayaendi moja kwa moja yakahifadhiwa. Yanaanzia kwenye ukurasa anaouona kwa macho yake, yanapita tabaka la katikati ambalo hakuna anayeliona, ndipo yanafika kwenye hifadhidata na kulala humo. Ukurasa ulikuwa chini ya kijana mmoja mchangamfu waliyemwita Mrembaji, maana kutwa kucha alikuwa akigombana na rangi. Hifadhidata ilikuwa ya bwana mmoja mnene, mpole, mla karanga, naye aliitwa Ghala. Hapo katikati alikaa Forodha, na Forodha hapitishi kitu kienyeji, hata umlambe miguu.

Si kwamba alizaliwa na roho ngumu. Zamani, kazini kwingine, aliwahi kuacha kila kinachotumwa kutoka ukurasani kipite tu. Mjanja mmoja akachomeka kwenye fomu yake kitu ambacho hakikuwepo ukurasani, cha kujipa cheo cha msimamizi. Mfumo ukampokea kwa mikono miwili, na kabla watu hawajatoka kula mchana alikuwa ameshafuta nusu ya wateja. Tangu hapo Forodha akala kiapo. Akatengeneza kitu walichokiita bahasha. Ndani yake yametajwa mambo yanayoruhusiwa kupita, basi. Jina limo, lipite. Simu imo, ipite. Kisichotajwa kwenye bahasha kinatupwa, tena kinatupwa kimyakimya, bila mtu kuambiwa.

Hapo kwenye kimya ndipo Mrembaji alipombishia.

"Dada, angalau kikitupwa kipige kelele. Ulete ujumbe mwekundu, mtu ajue."

"Maandishi mekundu yanatisha watu," Forodha akamjibu. "Mgonjwa anajaza fomu na homa yake, wewe unamrushia wekundu. Si ataacha aende zake? Kitupwe kimya. Mtu mwema hapotezi chochote."

"Na kama ni sisi tumesahau kukitaja?"

"Mimi sisahau."

Na kweli hakuwa msahaulifu, hilo lazima tumpe haki yake. Ila kuna mambo ambayo mtu hayasahau kwa sababu hakuwahi kuambiwa.

Sasa tumwache hapo kwanza, twende kwa baba yake.

Baba yake alikuwa fundi wa mitambo ya kufuma katika kiwanda cha nguo, na masikio yake aliyaacha huko huko. Mitambo ile ilinguruma asubuhi mpaka jioni, wala siku hizo hakuna aliyegawa vya kuziba masikio. Alipostaafu alikuwa hasikii hata mlango ukibamizwa nyuma yake. Mkewe alipofariki, hakukubali ng'o kuhamia kwa binti yake. Alibaki kwenye vyumba vyake viwili, ghorofa ya chini, akaweka cherehani ya kukanyaga kwa mguu mbele ya dirisha linaloangalia barabara, akaanza kutengeneza miavuli ya watu. Mlango ulikuwa nyuma yake, upande wa ukumbini. Kutwa anatazama barabara, anakanyaga cherehani, anabadilisha vitambaa vilivyotoboka, na wapita njia wote wanamjua.

Kuzungumza naye hakukuwa kazi, mradi ujue masharti. Kaa uso kwa uso naye, mwanga ukuangukie wewe, usimung'unye maneno. Atakusoma midomo mpaka unasahau kwamba hasikii. Tabu ilikuwa kwa wageni. Wakishaambiwa tu kwamba mzee hasikii, wanamgeukia binti yake na kumzungumzia mzee mbele yake kama vile ni meza. Mzee alikuwa anatulia tu. Lakini kutulia si kuridhika, nanyi mnalijua hilo.

Ndipo ukaja mguu. Alikuwa na ugonjwa wa sukari wa miaka mingi, na safari hii kiatu kilimchubua kidole gumba. Mchubuko ukawa kidonda, kidonda kikagoma kupona. Forodha akaomba ruhusa kazini, akampeleka hospitali. Daktari akafungua, akasafisha, mzee akauma taulo kwa maumivu. Kisha daktari akamgeukia Forodha, akamweleza yote bila kuficha: kidonda kisafishwe na kufungwa na mtu mwenye ujuzi, mara kwa mara, bila kuruka. Kikiachwa, kidole kitakatwa. Na kikiachwa zaidi, hawataishia kwenye kidole.

"Anasemaje?" baba akauliza, macho yakitembea kutoka uso wa daktari kwenda uso wa binti.

"Anasema utapona, baba. Kinataka kusafishwa tu."

"Muulize kama nitaweza kukanyaga cherehani."

Forodha akamtazama daktari. Daktari alikuwa ameshashika faili la mgonjwa mwingine, na nje foleni imefika mlangoni. Swali lenyewe akaliona dogo, la mtu mzima kujitia wasiwasi. Akamgeukia baba yake akamwambia, "Ndiyo, utakanyaga bila shida." Hakuuliza. Mzee akaitikia kwa kichwa, akavaa kofia yake.

Kliniki ya mtaani kwao ilikuwa na wauguzi wanaowafuata wagonjwa majumbani, na tovuti ya kujiandikisha ilitengenezwa na ofisi ile ile ya Forodha. Forodha alitaka kumjazia fomu. Baba akamnyang'anya simu kwa upole.

"Hapana, mama. Mara hii nasema mwenyewe."

Akajaza kwa kidole kimoja, polepole, nusu saa nzima, huku Forodha akiosha vyombo. Mwisho akamwonyesha kioo: "Asante. Taarifa zako zimepokelewa." Uso wa mzee ulikuwa umechangamka mno. Forodha naye akaona fahari. Ile ilikuwa kazi ya mikono yake, na baba yake ameitumia bila kumwomba mtu msaada.

Siku ya muuguzi ikafika, ikapita. Kwenye simu ya mzee ukaingia ujumbe wa mashine, usiojibika: "Muuguzi wetu alifika, aligonga na kupiga simu, hakufunguliwa." Mara ya pili ikawa vile vile. Mara ya tatu wakaongeza kwamba wakikuta hivyo tena, nafasi yake itapewa mwingine.

"Baba, ulikuwa wapi?" Forodha akauliza, ameketi mbele yake ili amwone midomo.

"Hapa hapa. Nashona."

"Wanasema waligonga."

"Mimi nasikia mlango? Niliwaandikia. Kile kisanduku cha mwisho, kinachouliza kama kuna jambo lingine tungependa walijue. Niliandika kirefu."

Forodha alikuwa na fomu za wateja chungu nzima kichwani, na kisanduku hicho hakumbuki vizuri lini kiliwekwa. Aliporudi kazini akatazama. Ukurasani kisanduku kipo. Akamwomba Ghala amfungulie hifadhidata; humo nako nafasi ya maelezo ipo, na mbele ya jina la baba yake ni tupu. Ghala akatafuna karanga, akasema watu hawapendi kuandika maelezo, ndiyo maana hata yeye hajashangaa kuona nafasi ile imekaa tu. Forodha hakuangalia zaidi. Kitu kipo mwanzo na kipo mwisho, katikati kitakosekanaje, na katikati ni yeye?

Akajipa jibu lake. Alikumbuka taulo lile la hospitali. Baba anaogopa kusafishwa, anajitia hamnazo, muuguzi akigonga anajikausha. Wazee bwana. Hilo wazo lilimuuma na kumkasirisha kwa pamoja, na kwa kuwa mguu ulishaanza kutoa harufu, hasira ikashinda.

"Kisanduku ni kitupu, baba," alimwambia jioni ile. "Nimeona kwa macho yangu. Kama unaogopa maumivu niambie, lakini usiniambie uliandika."

"Niliandika."

"Baba, huu mfumo nimeutengeneza mimi."

Mzee akamtazama. Hakufoka. Akachukua mwavuli aliokuwa anaurekebisha, akaufungua, akaukagua vijiti vyake.

"Basi. Kama mashine yako imesema sikuandika, sikuandika."

Akageukia dirishani. Kwa mtu anayesikia, kukugeuzia kisogo ni kununa tu. Kwa mzee yule ndiyo mwisho wa mazungumzo, maana ukisema hata neno tamu vipi, hulifikishi tena. Forodha alikaa nyuma yake akitazama mabega yale, ameshiba maneno na hana pa kuyatua. Alimgusa begani, mzee hakugeuka. Akaandika kwenye karatasi kwamba atawapigia kliniki mwenyewe, akaiweka mbele ya cherehani. Mzee akaisoma, akaandika chini yake: "Usiwapigie. Ukianza wewe, watazungumza na wewe maisha yangu yote."

Aliondoka amefura, na njiani machozi yakamtoka, ya hasira au ya nini hata yeye hajui.

Siku ya mapumziko akarudi. Alikuja na kompyuta yake ya kazini kwenye begi, kwa sababu alikuwa amekata shauri: apende asipende, atamjazia. Mzee aliiona ile kompyuta akaelewa. Akavuta kiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kaa hapo. Najaza tena, mbele yako, ili tusiitane waongo."

Akaichukua simu yake. Jina. Mtaa. Namba ya simu. Ugonjwa. Alipofika kisanduku cha mwisho akainua kiganja, akakinga kioo.

"Usisome. Si barua yako."

Forodha akageuza uso pembeni, akawa anasikia tu kidole kikigonga kioo, kinapumzika, kinagonga tena. Ilichukua muda. Angalau kwamba baba yake anaandika, na anaandika kwa moyo, hilo halikuwa na ubishi. Kisha mzee akabonyeza Tuma na kugeuza simu ili wote waone. Asante. Taarifa zako zimepokelewa.

Forodha akafungua kompyuta, akaingia kwenye hifadhidata. Jina la baba yake lilikuwa limeshafika, jipya, la dakika ile ile. Mtaa umefika. Simu imefika. Ugonjwa umefika. Nafasi ya maelezo, tupu.

Akasogeza uso karibu na kioo.

Akapanda mstari mmoja mmoja. Mgonjwa wa juu yake, tupu. Wa juu yake tena, tupu. Akaendelea mpaka siku kisanduku kile kilipowekwa, na hakukuta hata nukta. Watu wote wale, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na la kusema? Hapo ndipo akafungua bahasha yake mwenyewe, aliyoiandika kwa mkono wake, aliyokuwa akijivunia. Jina limo. Mtaa umo. Simu imo. Ugonjwa umo. Maelezo hayamo.

Alilisoma lile pengo mara kadhaa, kama mtu anayepapasa mfuko ambao anajua umetoboka. Maneno ya baba yake yalitoka ukurasani salama, yakafika kwake, yeye akayatupa. Kimya, kama alivyotaka. Kisha akamjibu baba yake kwamba yamepokelewa.

"Umeona nini?" baba akauliza. Alikuwa anamtazama uso muda wote.

Angeweza kusema ni hitilafu ya mtandao. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mzee yule alikuwa anamsoma midomo, na midomo ikidanganya karibu hivyo inaonekana.

"Uliandika, baba," akasema. "Mara zote mbili. Yalifika kwangu, mimi nikayatupa. Nisamehe."

Baba akaiweka simu juu ya cherehani.

"Uliyatupa ukijua?"

"Sikujua. Nilitengeneza kitu cha kutupa chochote ambacho sikukitaja, na hicho sikukitaja. Na ulivyoniambia, nikaamini kitu changu kuliko wewe."

"Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniuma," mzee akasema. Aliinamia mguu wake uliofungwa kitambaa, akaunyoosha. "Haya. Unaweza kukirekebisha?"

"Naweza. Ni neno moja tu. Lakini uliyoandika hayarudi. Uliandika nini, nikawaambie?"

"Rekebisha kwanza," baba akasema. "Kikianza kufika, nitaandika tena."

Kesho yake Forodha aliwahi ofisini. Mrembaji akamkuta ameketi kwenye meza ya Ghala, wote wawili wamekodolea macho kioo kimoja, na karanga zimesahaulika. Alipoelezwa, akashika kichwa.

"Mimi nilimwambia Ghala kwamba kliniki wameomba kisanduku. Nikajua atakwambia."

"Mimi nikatengeneza nafasi," Ghala akasema. "Nikajua wewe Mrembaji umeshamwambia. Unakaa naye meza moja."

"Siku hiyo hakuwepo."

"Alikuwa wapi?"

Forodha akaangalia tarehe. Ilikuwa siku aliyompeleka baba yake hospitali.

Hawakutupiana lawama, maana kila mmoja alikuwa na kipande chake. Pale ofisini walikuwa na desturi yao, kila mtu na tabaka lake, hakuna anayegusa la mwenzake, na walikuwa wakijisifia kwayo mbele ya wateja. Mrembaji alijaribu ukurasa wake, ukasema asante, akaridhika. Ghala alijaribu nafasi yake kwa kuandika mwenyewe moja kwa moja, ikapokea, akaridhika. Hakuna aliyewahi kuandika neno ukurasani kisha akatembea nalo mpaka mwisho kuona kama limefika.

Forodha akaongeza neno kwenye bahasha. Kisha akaandika sharti jingine: kuanzia leo, kitu kisichotajwa kikija, mfumo ukikatae waziwazi na kuwapigia kelele wao watatu, hata kama ni wakati wa kula. Mrembaji alisoma yote mawili, akafungua kinywa kumkumbusha ule ubishi wao, akamwona uso, akakifunga. Akaenda kumletea chai.

Kisha wakafanya lililobaki kufanywa. Wakawaeleza kliniki ukweli, bila kumung'unya, na kliniki wakawatumia ujumbe watu wote waliojiandikisha tangu siku ile: kama uliwahi kutuandikia jambo kwenye kisanduku cha mwisho, halikutufikia, kosa ni letu, tafadhali andika tena. Mchana yakaanza kuingia. Ghala alifungua kuhakikisha yanakaa vizuri, akasoma machache, akaacha kutafuna. Pita mlango wa nyuma, mbele kuna mbwa. Mama anaogopa sindano, mwambieni kabla hamjaitoa. Msije asubuhi, nalea mjukuu. Mwingine aliandika tu kwamba amefurahi kuulizwa.

"Na sisi tulikuwa tunasema watu hawapendi kuandika," Ghala akasema.

Jioni Forodha alikwenda kwa baba yake. Alimkuta dirishani, anakanyaga cherehani kwa mguu mzima, ule mgonjwa ameutanguliza kwenye kigoda. Akazunguka mbele, akamwambia sasa kinafika. Baba akaandika kwa mara ya tatu. Safari hii hakukinga kwa kiganja. Alipomaliza, kabla ya kubonyeza Tuma, akamsogezea simu.

"Soma. Si wewe ndiye wa katikati?"

Forodha akasoma.

"Mimi sisikii. Msigonge wala msipige simu. Njooni upande wa barabara, kwenye dirisha lenye miavuli, mnipungie mkono, nitafungua. Mkisema nami mnitazame, nawasoma midomo. Halafu habari za mguu wangu naomba mniambie mimi mwenyewe. Msimpe binti yangu aniletee. Ananipenda sana, kwa hiyo haniambii yote."

Alisoma mpaka mwisho, akarudia ile ya mwisho. Masikio yalimwaka moto. Angemwambia nini, kwamba hata huko hospitali alikuwa na bahasha yake, na kwamba mguu wa mtu haukutajwa humo? Akavuta kiti, akakaa mahali ambapo mwanga wa dirisha unamwangukia usoni vizuri.

"Daktari alisema kikiachwa, kidole kitakatwa," akamwambia. "Alisema pia kwamba kikizidi kuachwa, wanaweza kupanda juu zaidi. Sikukwambia, baba. Nilitaka ulale."

"Sikulala," mzee akasema. "Nilikuona uso ulipokuwa unamsikiliza. Nikajua ni kubwa, ila sikujua ni kubwa kiasi gani. Hiyo ni mbaya zaidi, mwanangu. Mtu anajikatia mguu mzima kichwani."

Forodha akamshika mkono. Kisha mzee akauchomoa mkono wake taratibu, akabonyeza Tuma mwenyewe.

Muuguzi alikuja kesho yake. Alikuwa mama wa makamo mwenye begi kubwa na viatu vilivyochoka. Forodha alikuwepo, ameomba ruhusa ya asubuhi, na alimwona akija upande wa barabara, akitazama madirisha moja baada ya jingine. Alipoiona miavuli akasimama na kuinua mkono, akaupunga kwa aibu kidogo, kama mtu asiye na uhakika kwamba anatazamwa. Mzee alikuwa anamtazama tangu yuko mbali. Akainua wa kwake, akanyanyuka kwa kuchechemea, akaenda kumfungulia mlango.

"Shikamoo, mzee," muuguzi akasema polepole, amemwelekea. "Nimekuja mara tatu. Kumbe ulikuwa humu humu."

"Marahaba. Nilikuwa humu. Karibu."

Akamkalisha kwenye kiti, akapiga goti mbele yake, akafungua kitambaa. Harufu ikatoka. Muuguzi hakukunja uso. Alisafisha kwa mkono mwepesi, akabonyeza huku na huku, akachungulia chini ya ukucha kwa muda mrefu. Mzee alikuwa ameshika ukingo wa kiti, hakuomba taulo. Macho yake hayakubanduka usoni kwa yule mama.

Muuguzi alijua ujumbe ulisema nini, maana ndio uliomleta dirishani. Lakini mazoea ni mazoea. Alipomaliza kuangalia, akainua kichwa akamtafuta aliye na masikio.

"Dada," akaanza, "hiki kidole cha baba..."

Forodha alikuwa amesimama kati yake na dirisha. Aliona kivuli chake mwenyewe kimemfunika muuguzi uso mzima, na nyuma ya kivuli hicho baba yake anakaza macho, hapati kitu.

"Mwambie yeye," akasema, na akaondoka pale, akaenda kusimama mlangoni.

Mwanga ukaingia. Muuguzi akamgeukia mzee, akamwelewesha neno kwa neno. Ncha imeshaanza kuwa nyeusi. Chini yake nyama bado ni hai. Akija bila kuruka wanaweza kukiokoa, na wanaweza wasikiokoe, hawezi kumwahidi. Lakini kama ni kukata, anavyoona yeye ni kidole tu, na lazima daktari akione wiki hii. Mzee alimfuata mdomo mpaka neno la mwisho. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepokea mzigo wake mwenyewe, mzito, lakini amejua uzito wake.

"Kikikatwa," akauliza, "nitaweza kukanyaga cherehani?"

"Cherehani ipi?"

Akamwonyesha. Muuguzi akanyanyuka, akaenda kwenye cherehani, akavua kiatu. Akaweka unyayo wake kwenye pedali, akakanyaga taratibu, mara kwa kidole, mara kwa kisigino, akifikiri. Mzee alimtazama mguu. Forodha naye pale mlangoni alimtazama mguu, anasubiri jibu pamoja na baba yake, kwa sababu na yeye hakuwa analijua.